"Masaa matano tu hadi Maskati": wakala huyu simsamehi (labda)

Msinifahamu vibaya, ndege yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kijana wa duka moja la tiketi mitaa ya Darajani. Jina lake namstahia.

Nilimwendea pesa ziko mkobani. Nikamwambia, mwanangu, mie miguu inavimba, nitafutie safari fupi. Jicho halijatoka kwenye simu yake: "Maskati masaa matano tu, bi mkubwa. Ukisinzia ushafika." Na kwa ramani hakusema uongo. Kutoka uwanja wa ndege wa Kisauni, Unguja, mpaka Maskati ni kama kilomita 3,900, na ndege isiyotua njiani huchukua masaa matano na dakika zake. Nikalipa.

Asichokisema ni kuwa tiketi ile inapitia Dar es Salaam, na huko unalala.

Sasa tazameni kioja. Mie nimetokea Wete. Pemba iko kaskazini ya Unguja, na Maskati iko kaskazini zaidi. Nikapanda kidege cha Chake, nusu saa tu, nikashushwa kusini hadi Unguja. Unguja nikapakiwa tena, kusini zaidi, hadi Dar. Hapo hata soda huimalizi ushafika. Kisha nikakaa juu ya kiti cha chuma usiku kucha nikisubiri ndege ya kunirudisha kaskazini, nipite usawa wa kwetu nikiwa juu mawinguni! Wazee wetu wakingoja kusi ndiyo majahazi yaelekee Arabuni, na kurudi wakingoja kaskazi, miezi hiyo. Lakini nahodha aliwaambia kabla hawajapakia mzigo.

Nikampigia yule kijana. Simu ya kwanza kimya. Baadaye akapokea, nikamuuliza masaa matano yako wapi. Akacheka, wallahi akacheka: "Hiyo ni tofauti ya saa, bi mkubwa. Kule wenzetu wametangulia."

Wametangulia, ndiyo. Kwa saa moja! Kwetu ikiwa saa mbili usiku, Maskati ni saa tatu. Hiyo saa moja imezaa lini ikawa usiku mzima? Nilipomwambia hivyo akanambia nisome tiketi yangu, kisha akakata. Akakata simu, na mie ni makamo ya mama yake! Kuchelewa nastahamili, hata miguu ilikuja kupungua kwa maji ya chumvi. Kukatiwa simu ndiko kulikonichoma, na kunanichoma mpaka leo.

Haki niiseme: ndani ya ndege wahudumu walikuwa na adabu, chakula cha moto, na mwanamke mmoja alinifungulia mkanda bila kunicheka. Mizigo yangu ilifika yote, na pweza mkavu ndani yake. Na bei, mtihani huu, mawakala wengine waliniambia kubwa zaidi. Kwa hayo ningempa nyota tatu.

La, tatu nyingi. Moja. Mtu anayeuza safari ya usiku mzima kwa jina la masaa matano, akiulizwa anacheka, hata hiyo moja namkopesha. Mkienda kwake mwambieni akuandikieni kwenye karatasi unatua wapi, unasubiri kiasi gani, ndipo mtoe pesa.

Juzi kaniletea ujumbe, kama hapakupita kitu: "Bi mkubwa, Umra mwaka huu nafasi zipo, bei nzuri." Sijamjibu. Ila bei nimeiona, na kweli ni nzuri.