Regulata ya kuzamia: ipi ya maji baridi, ipi ya maji ya joto

Wanunuzi wengi huipima regulata, kifaa kinachompa mzamiaji hewa ya mtungi kwa presha anayoweza kuivuta, kwa kuvuta pumzi mbili tatu pale dukani, wakiiona laini wanalipa. Kipimo hicho hakisemi kitu. Mtungi ukiwa umejaa na hewa ni ya chumbani, karibu kila regulata ya leo huvutika vizuri. Ubora hujulikana mita 30 chini, mtungi umebaki na presha ya bar 60, maji yana nyuzi 5 za Selisiasi, na wazamiaji wawili wanavuta kutoka regulata moja.

Kinachogandisha regulata kwanza ni hewa yenyewe, maji hufuata. Hatua ya kwanza, ile inayofungwa kwenye vali ya mtungi, hushusha presha kutoka bar 200 au 232 hadi bar 9 au 10 hivi juu ya presha ya maji yaliyokuzunguka. Hewa ikitanuka ghafla namna hiyo hupoa mno, na chuma huweza kushuka chini ya sifuri hata kama maji yana nyuzi 4. Kama maji hayo yanagusa springi na pistoni, barafu hujijenga hapohapo, vali hushindwa kufunga, presha ya kati, yaani hiyo ya bar 9 au 10, hupanda, na hatua ya pili, ile ya mdomoni, hufunguka yenyewe na kumwaga hewa bila kukoma. Hatua ya pili nayo ina njia yake ya kuganda: unyevu wa pumzi unayotoa hunasa kwenye wenzo na vali, kisha huwa barafu. Maziwa ya nchi za baridi ni hatari kuliko bahari, kwani maji yasiyo na chumvi huganda kwenye sifuri, ilhali ya bahari husubiri hadi karibu nyuzi 1.9 chini ya sifuri.

Fanya hesabu uone uzito wa jambo hili. Anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji hutumia 80 akiwa mita 30. Mtungi wa lita 12 wenye bar 200 una lita 2,400, yaani nusu saa ya kupumua kwa utulivu. Hewa ikianza kumwagika, mtungi huohuo huisha kwa dakika chache tu.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani ni moja: maji yanaingia ndani ya hatua ya kwanza au hayaingii? Scubapro MK2 EVO ni ya pistoni isiyosawazishwa, yaani uvutaji wake hubadilika presha ya mtungi ikishuka. Vipuri vyake ni vichache, fundi huimaliza haraka, na kwa maji ya joto ya kina cha wastani haina ubaya wowote. Ila mtungi ukielekea kuisha, pumzi huanza kuwa nzito. Wapo wanaosema hilo ni onyo zuri. Onyo la kutegemewa ni geji ya presha ya mtungi. MK25 EVO ni pistoni iliyosawazishwa: hewa hupita kwa wingi sana, na mtengenezaji ameongeza kinga ya kuzuia ubaridi usifike kwenye springi. Bado maji yanaingia, na mchanga na chumvi vinaingia nayo.

MK17 EVO na hatua ya kwanza ya Apeks XTX50 ni za aina nyingine. Zote mbili hutumia kiwambo (utando unaonyumbuka) kilichosawazishwa, na chumba cha springi kimezibwa kwa kiwambo cha pili cha nje, kwa hiyo humo hakuna maji ya kuganda. Watu huzichukulia kama vifaa vya baridi tu, nasi hatukubaliani nao: chumba kilichozibwa huzuia pia chumvi na tope kwenye maji ya joto. Gharama yake ni vipuri vingi zaidi na sevisi ya bei ya juu kidogo. Anayezamia kwenye maji ya aina zote mbili achukue mojawapo ya hizi, asinunue regulata mbili. Asiyewahi kushuka kwenye maji ya chini ya nyuzi 15, hasa mwenye kusafiri na mzigo mdogo, abaki na pistoni rahisi na fedha inayobaki anunue kompyuta ya kuzamia.

Usitosheke na maneno ya tangazo. Kiwango cha Ulaya cha EN 250 huhesabu maji ya chini ya nyuzi 10 kuwa baridi, na jaribio lake hufanywa kwenye nyuzi 4 au chini yake. Regulata isiyofaa kwa baridi huandikwa ">10°C" kwenye mwili wake. Angalia alama hiyo kwenye oktopasi, yaani hatua ya pili ya akiba, pia! Hapa ndipo wengi wanapoharibu: hatua ya kwanza nzuri, hatua ya pili nzuri, halafu oktopasi ya bei ya chini kabisa, na hiyo ndiyo inayoanza kumwaga.

Hatua ya pili ya chuma hupitisha joto la maji kwenye vali vizuri kuliko ya plastiki, na kidogo hupunguza ukavu wa mdomo. Kwenye maji ya joto, plastiki nyepesi inatosha kabisa. Kiunganishi chukua DIN, kinachoingia kwa hesi, kisha beba adapta ya kibano kwa mitungi ya kukodi.

Regulata nzuri ikitumiwa vibaya huganda vilevile. Kukiwa na baridi kali, usipumue kupitia regulata wala kubonyeza kitufe cha kutoa hewa kabla mdomo wake haujazama. Wenzo wa venturi, unaorekebisha mtiririko wa hewa kwenye hatua ya pili, uweke upande wa kabla ya kuzamia hadi utakapoanza kupumua chini ya maji. Jaza hewa jaketi la kuelea au suti kavu kwa mibonyezo mifupi, na usijaze huku unavuta pumzi. Hewa ya mtungi iwe kavu. Kompresa yenye chujio lililochoka huingiza unyevu unaokuja kuganda ndani. Chini ya barafu, tumia hatua za kwanza mbili kwenye vali mbili, ili moja ikimwaga uifunge na upumue kwa nyingine.

Kabla ya kulipia regulata iliyotumika, omba geji ya presha ya kati. Sindano ipande, isimame. Ikiendelea kutambaa juu polepole, kikalio cha vali kimelika, na kwenye baridi hiyo itamwaga mapema. Kisha funga kifuniko cha vumbi kwenye hatua ya kwanza, vuta kwa nguvu kwenye hatua ya pili: isikupe hewa hata chembe. Ikikupa, kuna kiwambo kilichopasuka, vali ya kutolea pumzi iliyokunjika au kipande cha mdomoni kilichotoboka. Muulize muuzaji pia kama oringi (pete za mpira za kuziba) na vikalio vya modeli hiyo bado vinauzwa, maana regulata nyingi huhitaji sevisi kila mwaka mmoja au miwili, au kila mizamo 100.