Baa ya Kokteli ya Mtaani: Kinachonifanya Nirudi Mara ya Tatu

Baa ya kokteli iliyo katikati ya jiji inaweza kuendeshwa kwa wageni wa mara moja, yaani wasafiri, wanaosherehekea siku ya kuzaliwa na waliovutiwa na picha mtandaoni, lakini baa iliyo mtaani, inayozungukwa na nyumba za watu, hutegemea wateja wale wale wanaoifikia kwa miguu wiki baada ya wiki. Kwa sababu hiyo sipendi kuitolea hukumu baada ya ziara moja. Ziara ya kwanza hunionyesha mapambo na menyu. Ya pili hunionyesha kama kinywaji nilichokipenda kimetoka tena na ladha yake. Ya tatu, ambayo kwa makusudi huifanya usiku mtulivu wa katikati ya wiki na kuomba kuhudumiwa na mtu mwingine, ndiyo inayonithibitishia kwamba ubora wa mwanzo ulitokana na utaratibu wa kazi, wala haukuwa bahati ya siku ile.

Kinywaji ninachoagiza kwanza ni Daiquiri, ile ya asili iliyoanzia Cuba, isiyo na matunda ya kusaga wala rangi: ramu nyeupe, maji ya ndimu na sukari, basi. Vitu vitatu haviwezi kufichiana aibu. Kwa kawaida ramu huwa mililita 60, ndimu 20 hadi 25 na shira ya sukari 15 hadi 20, na mililita 5 tu zikizidi upande wowote, kinywaji huwa kichachu cha kukunja uso au kitamu kama dawa ya watoto ya kikohozi. Jambo linalofanya kazi hiyo iwe ngumu ni kwamba ndimu zenyewe hazifanani. Za leo zinaweza kuwa kali kuliko za juzi, na maji yaliyokamuliwa jana huwa yamekwisha kupoteza ule uchangamfu wake. Ndiyo maana humtazama mhudumu kabla hajanipa glasi. Akitumbukiza mrija kwenye mchanganyiko, akaziba ncha yake kwa kidole na kuonja tone moja, ninajua kwamba amezoea kulinganisha kinywaji na ndimu aliyonayo, si na ndimu ya kwenye maandishi.

Hapo hapo hutazama pia kama anapima. Wapo wateja wanaoamini kwamba mhudumu anayepima kwa toti ni bahili na anayemimina kwa jicho ni mkarimu, nami napingana nao kwa moyo wote. Pombe iliyozidi katika kokteli si zawadi, kwa kuwa inavunja uwiano uliofanya kinywaji kistahili kuagizwa, na pia inamlevya mteja haraka kuliko alivyokusudia. Kupima ndiko kunakomwezesha mtu wa zamu ya Jumanne kutengeneza kinywaji kile kile kilichotengenezwa na mwenzake Ijumaa, hata kama kaunta imejaa na maagizo yamerundikana.

Kinywaji changu cha pili ni Negroni, ambacho ni jini, Campari (pombe nyekundu yenye uchungu) na vamuthi tamu kwa viwango sawa. Chama cha Kimataifa cha Wahudumu wa Baa, kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1951, kinaeleza kila kimoja kuwa mililita 30. Uwiano huo ni rahisi kiasi kwamba mtu angedhani hakuna namna ya kukosea, ila kosa huanza mapema, pale chupa ya vamuthi inapohifadhiwa. Vamuthi ni divai iliyoongezewa nguvu na kutiwa viungo, na ikishafunguliwa huanza kuharibiwa na hewa kama divai nyingine, ingawa polepole zaidi. Inapaswa kukaa kwenye jokofu na kutumika ndani ya mwezi mmoja au miwili. Nimewahi kupewa Negroni yenye ladha ya siki na vumbi, nikainua macho na kuiona chupa imewekwa juu ya rafu, nusu tupu, chini ya taa yenye joto, ikiwa pambo. Baa ile ilikuwa na viti vizuri na menyu yenye kurasa nyingi, lakini sikuona sababu ya kurudi. Siku hizi, kabla ya kuagiza, huuliza kwa adabu vamuthi inahifadhiwa wapi, na jibu la haraka la "kwenye friji, tumeifungua juzi" hunitosha kabisa.

Jambo ambalo ningependa msomaji alichukulie kwa uzito zaidi ni maji. Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, katika jimbo la New York, liliulizwa na msomaji wake kokteli ni kitu gani, nalo likajibu kwamba ni kinywaji cha pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji na bita, yaani matone machungu ya mimea na viungo. Tangu wakati huo watu wamebishana kuhusu pombe, sukari na bita, lakini maji husahaulika, ingawa katika kokteli iliyokorogwa vizuri yanaweza kufikia takriban robo ya ujazo wote, na katika iliyotikiswa hupita hapo. Maji hayo hayamiminwi kutoka kwenye jagi. Hutoka kwenye barafu inapoyeyuka, na kule kuyeyuka ndiko kunakoondoa joto kwenye kinywaji, kwa hiyo kupoza na kuzimua ni kazi moja isiyoweza kutenganishwa. Kwa kuwa pombe hushusha kiwango cha kuganda, barafu ya nyuzi sifuri inaweza kukipeleka kinywaji nyuzi kadhaa chini ya sifuri bila kukigandisha, na kwenye ubaridi huo ukali wa pombe hutulia, harufu ya ganda la limau ikatangulia.

Ndiyo maana barafu huniambia mengi kuliko safu ya chupa za bei ghali. Vipande vidogo vyenye tundu katikati, vilivyokaa ndooni mpaka vikaanza kutoa jasho, hukiletea kinywaji maji ambayo hayakupoza chochote. Vipande vikubwa na vikavu huyeyuka polepole, kwa sababu eneo lao la nje ni dogo ukilinganisha na uzito wao, na hivyo kumpa mhudumu nafasi ya kusimamisha mkono wake pale anapotaka. Barafu angavu kama kioo, inayopatikana kwa kugandisha maji kutoka upande mmoja ili hewa na uchafu visukumwe upande wa pili, inapendeza macho, na ninaifurahia ninapoikuta, lakini siidai kwa baa ya mtaani. Ninachodai ni barafu ya kutosha, kavu, isiyonuka jokofu, na inayochotwa kwa kijiko chake.

Kijiko hicho kina uzito wake. Mhudumu anayechota barafu kwa glasi anahatarisha wateja wake wote, maana glasi ikivunjika ndani ya ndoo, kipande chake hakionekani kati ya barafu. Usiku mmoja, baa ikiwa imejaa na watu wamesimama nyuma yangu, glasi ilivunjika karibu na ndoo ya barafu. Mhudumu hakuchungulia wala kubahatisha: alitangaza kwamba tutasubiri, akamwaga barafu yote, akaosha na kufuta ndoo mpaka pembeni, kisha akaijaza upya. Tulisubiri karibu robo saa. Hakuna aliyelalamika, na mimi niliamua wakati ule ule, kabla sijaonja chochote, kwamba nyumba hiyo ningeirudia.

Kuhusu menyu nitasema machache. Vinywaji vinane hadi kumi na viwili vinatosha, mradi kila kimoja kimeelezwa kwa lugha ambayo mteja anaweza kukisia ladha yake, na mradi mhudumu anaweza kutengeneza kokteli za zamani zisizoandikwa humo. Orodha ndefu katika baa ndogo ina maana ya chupa nyingi zinazofunguliwa mara chache, na nimekwisha kueleza yanayoipata vamuthi.

Vinywaji visivyo na kilevi ni jambo jingine, na hapo huwa mkali. Katika mtaa wowote kuna mjamzito, kuna anayetumia dawa, kuna anayeendesha gari, kuna ambaye dini yake haimruhusu na kuna aliyeacha pombe baada ya kuteseka nayo, na wote hao wana marafiki wanaopenda kuketi nao. Baa inayowapa soda ya chupa na kuwasahau inawaambia kwamba wamekuja mahali pasipo pao. Inayowatengenezea kinywaji chenye uchachu, uchungu na harufu vilivyofikiriwa, kwenye glasi nzuri iliyopozwa, bila kuwauliza kwa nini hawanywi, imeelewa kazi yake.

Mwanasosholojia wa Marekani Ray Oldenburg alipaita "mahali pa tatu" pale ambapo watu hukutana nje ya nyumbani na kazini, na baa ya mtaani inaweza kuwa mahali hapo iwapo mtu aliyekuja peke yake hataonekana kuwa na kasoro. Hulipima hilo kwa kuketi kaunta bila mwenzangu. Je, mhudumu ananisalimu ndani ya dakika moja, hata kama hawezi kunihudumia bado? Je, analeta maji ya kunywa bila kuombwa, na kuyajaza tena? Je, anatambua kama ninataka mazungumzo au ukimya? Anayelikumbuka agizo langu la wiki iliyopita hunifurahisha, ila namheshimu zaidi anayelikumbuka na bado akaniuliza leo nitapenda nini. Namheshimu pia anayeweza kumwambia mteja aliyezidiwa kwamba imetosha, kwa sauti ya chini, bila kumwaibisha, huku akimwitia gari la kumpeleka nyumbani.

Mwanga uwe hafifu lakini menyu isomeke. Muziki usikike lakini usiwalazimishe watu kupaza sauti. Vyoo viwe safi saa tano usiku kama vilivyokuwa saa moja jioni. Sina zaidi ya hayo.

Linabaki suala la majirani, ambalo tathmini nyingi hulipita. Mwishoni mwa mwaka 1999 Sasha Petraske alifungua Milk & Honey kwenye mtaa tulivu wa Manhattan, baa ndogo ambayo baadaye iliathiri baa za kokteli katika nchi nyingi kwa ustadi wake wa barafu na vipimo. Miongoni mwa kanuni zake kwa wateja ilikuwamo hii: watoke haraka na kwa ukimya, kwa kuwa watu wa ng'ambo ya barabara wamelala. Mimi naitazama kanuni hiyo kama sehemu ya huduma, sawa na ndimu mbichi. Kwa hiyo ziara yangu ya tatu huimalizia nje, hatua chache kutoka mlangoni, nikisikiliza kama sauti inayotoka ndani ingemruhusu mtu wa ghorofa ya juu kulala dirisha likiwa wazi.