Brashi ya Nguo ya Blender: Inakunja Vizuri, Ila Haijui Kiwiko Kiko Wapi

Karibuni tena jamani. Leo ni brashi ya nguo (Cloth) ya Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D; brashi yenyewe iliingia toleo la 2.83 mwaka 2020. Jinsi ya kuingia kwenye uchongaji mnaijua, tunaruka. Mnachouliza kila siku ni hiki: mikunjo ya shati uijenge poligoni kwa poligoni, yaani kipande bapa kimoja kimoja cha umbo, au uichonge kwa brashi kama udongo?

Chonga! Kujenga kubaki kwenye kola, pindo na vifungo. Mkunjo wa nguo huanza mkali, halafu unafifia hadi unapotea. Ukiujenga kwa kusogeza kingo, shati linatoka kama bati lenye migongo.

Tazameni mkono huu wa shati, kiwiko kimekunjwa digrii 90. Una poligoni 1,500, karibu zote mraba. Zikiwa ndefu ndefu nguo hufuata mistari ya meshi, ule wavu wa poligoni, unapata pete pete kama bomba la mashine ya kufulia. Skeli, yaani kipimo cha ukubwa wa umbo, nimeithibitisha kwa Ctrl+A (Apply Scale). Multires, inayogawa kila poligoni mara nne kwa kila ngazi, nimeiweka ngazi tatu, kwa hiyo juu kabisa ni poligoni 96,000, ila nafanya kazi ngazi ya kwanza, 6,000 tu. Ukipanda mapema simulesheni inakwama, na mikunjo inayotoka ni vikwaruzo.

Sasa hapa ndipo ninapoipenda. Kwenye Deformation, mpangilio wa jinsi brashi inavyovuta kitambaa, nachagua Pinch Perpendicular, yaani kubana kuelekea kwenye mstari, nguvu 0.5, brashi nusu ya upana wa mkono. Naanza ndani ya kiwiko, pale kitambaa kinapobanwa, navuta kwenda nje. Mmeona? Kitambaa kimejikusanya chenyewe kando ya mstari. Narudia, mstari wa pili, wa tatu, yote ikitoka palepale, kama njiti za ufagio wa chelewa: zimefungwa pamoja kwenye kiwiko, mbele zinatawanyika. Umbali usilingane. Na usipite mara tano sehemu moja, kitambaa kinatafunika.

Ila brashi haina habari kuna mfupa humo ndani. Ukiivuta katikati ya mkono itakunja vizuri kabisa, mkunjo usio na sababu. Kwa hiyo narekebisha nilichoonyesha mwanzo: mikunjo mitatu minne mikubwa ipangeni kwanza kwa brashi ya kawaida ya kuchonga, hii ya nguo ije kuilainisha na kuzaa midogo. Jinzi ipewe michache minene. Hariri, mingi myembamba.

Kinachoniudhi: kitambaa hakijui kujigusa. Mikunjo miwili ikikutana, mmoja unapita ndani ya mwenzake. Kuwasha Collisions kunasaidia nguo isizame mwilini, mwili ukiwa umewekewa fizikia ya kugongana, lakini nguo kwa nguo, hapana. Marvelous Designer, programu ya kushona nguo za 3D, hapo inashinda, kwa sababu inashona vipande kama fundi na tabaka zinajizuia. Humo umbali wa chembe, yaani nafasi kati ya nukta za kitambaa, huanza milimita 20, shusheni hadi 5 mkikaribia kumaliza. Lakini ile ni ya kulipia, Blender bure, na kwa mkono mmoja wa shati mimi siifungui.

Video ijayo ni suruali, magoti na mapajani, maana mmeiomba sana. Faili la mkono huu lipo kwenye maelezo hapo chini. Mkilifungua, msiweke Solidify, ile ya kuipa nguo unene, kabla ya kuchonga: mtakuwa na tabaka mbili, ya ndani itatokeza nje kila mkibana. Unene uje mwisho.