Kliniki ya meno Sinza, nilienda na dogo: nyota 3 na nusu

Wenzangu ambao dada wa kazi kaenda kwao, baba watoto yuko safari na jino halitaki kusubiri, hii yenu. Jumamosi nimeenda kutibiwa mzizi wa jino kliniki moja pale Sinza (jina njoo inboksi, nina la kulalamika humu sitaki kesi na mtu), nikiwa na dogo wangu wa miaka 4, yule ambaye akikaa kimya dakika mbili ujue kuna kitu kinaharibika.

Mapokezi nawapa zote. Nilipiga simu juzi yake kuwaambia nakuja na mtoto, wakanipa saa mbili asubuhi kabla watu hawajajaa. Tumefika dogo katoa shikamoo yake, yule dada kaitikia "marahaba baba, umemleta mama leo?", basi kichwa kikamvimba akajiona yeye ndo mwenye miadi. Akaambiwa kabisa kuwa mama ataingia, atatoka baada ya katuni tatu. Hiyo lugha anaielewa, ukimwambia saa nzima ni sawa na bure. Kule nilikozoea utasikia "na huyu tena?" halafu mnaangalia bunge kwenye TV mpaka jina liitwe.

Na ndani walimwacha akae pembeni kidogo azoee, nesi akapuliza glavu ikawa jogoo ana vidole vitano, ilivyopasuka tu akaviokota vipande vyote, dogo asije akaweka mdomoni. Nilimpenda hapo.

Sasa kasheshe. Ikafika kupiga eksirei ya jino, wakasema mtoto atoke, mionzi, sawa kabisa sina ubishi. Ila atoke akae na nani? Hakuna aliyepangwa, kila mtu alidhani mwenzake anamwangalia. Dada wa mapokezi anahesabu chenji ya mteja, mimi nimelala kwenye kiti na kitambaa kifuani, mdomo ganzi upande mzima, na mlango uko wazi namuona mwanangu anaisogelea dispensa ya maji, ile koki nyekundu imekaa usawa wa pua yake. Nikapiga kelele "usiguse!", ikatoka "uthiguthe", daktari akadhani nasikia maumivu akaniambia pole mama tunamalizia. Aliyemuwahi ni mlinzi, mzee wa watu, kamnyanyua juu juu na kikombe chake mkononi.

Hizo dispensa nyingi koki ya moto ina kitufe cha kufungia, hicho cha kwao kilikuwa kimekatika, kimebaki kitundu tu. Kitu kidogo jamani, ihamisheni hata juu ya meza.

Kazi ya jino lenyewe safi, sindano sikuisikia, bei niliyoambiwa kwenye simu ndo niliyolipa. Daktari alisema nisile mpaka ganzi iishe nisije nikajing'ata shavu, kumbe dogo kasikia, tumefika kwenye chipsi pale njiani kaagiza sahani yake, nanyoosha mkono kaivuta kwake: "dokta kakukataza."

Narudi Jumamosi ijayo kumalizia. Koki nimewaambia, wamesema fundi anakuja. Nyota ya nne wataipata nikiikuta imetengenezwa, nusu iliyopo ya mlinzi.