Vile vichupa vidogo vya matone ya macho, kwa tuliopandikizwa uboho
Mimi nilipandikizwa uboho India, mdogo wangu ndo alinichangia, sasa seli zake zikaja kushambulia tezi zangu za machozi, macho makavu balaa, kama yamejaa mchanga, hata msibani silii. Mwanzo niliuziwa matone ya chupa ya kawaida yakanichoma, kumbe yana kemikali ya kuzuia bakteria na ukiweka kila saa ndo unalichubua jicho. Hivi vya plastiki vya kutumia mara moja havina hiyo kemikali, vinatuliza kweli. Ukiona ukungu lakini usiishie kwenye matone, kapimwe, maana steroidi, zile dawa za kutuliza kinga ya mwili tunazopewa, nazo huleta mtoto wa jicho. Nyota nne, moja nimekata sababu bei imechangamka na kukikata kile kichwa cha kichupa usiku ni kasheshe.