Homer wa nani? Mwongozo wa kununua Iliad na Odyssey za Kiingereza

Ukiingia duka la vitabu ukaomba Odyssey, muuzaji anayeijua kazi yake atakuuliza: ya nani? Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale anayetajwa kuwa mtunzi wa tenzi hizi mbili, Iliad na Odyssey, hakutunga kwa Kiingereza. Kila nakala utakayoshika ni kazi ya mfasiri, na wafasiri hawa wanatofautiana kama waghani wawili wa utenzi mmoja: huyu anakulaza, yule anakukesha. Wala usishangae kwamba ziko nyingi. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, mwaka 1963, akairudia mwenyewe 1969. Kama mtu haridhiki na kazi yake, ataridhikaje na ya mwenzake?

Miaka yote hii nimenunua nakala nane, mbili kwa majuto. Ninazipanga hapa kwa ajili ya msomaji wa aina yangu, anayekimudu Kiingereza vizuri lakini ndoto zake ni za Kiswahili.

Kabla hujatoa hela, fanya jaribio moja. Usisome ukurasa wa kwanza, maana huo kila mfasiri ameupiga msasa. Tenzi zote mbili zimegawanywa katika vitabu 24, yaani sura. Kwenye Odyssey fungua kitabu cha 17, karibu na mstari wa 290. Odysseus, shujaa wa utenzi huo, amerudi kwake Ithaca baada ya miaka 20, amejigeuza ombaomba, na hakuna anayemtambua. Nje ya mlango, juu ya lundo la samadi, amelala Argos, mbwa aliyemlea mwenyewe kabla ya kwenda vitani Troy. Sasa ni mzee, amejaa kupe. Mbwa anamjua. Anatikisa mkia, analaza masikio, lakini nguvu za kumsogelea bwana wake hana. Odysseus anageuza uso na kufuta chozi ili mchunga nguruwe aliyefuatana naye asilione. Muda si muda mbwa amekufa. Soma ukurasa huo kwa sauti, hapo hapo ulipo. Ulimi ukikwama mara tatu, rudisha kitabu rafuni, hata kama jalada linang'aa.

Kwa Iliad, jaribu kitabu cha 24, pale Priam, mfalme mzee wa Troy, anapoyashika magoti ya Achilles, shujaa wa Wagiriki wanaoupiga mji wake, na kuibusu mikono iliyowaua wanawe.

Ya kwanza kwangu ni Odyssey ya Emily Wilson, iliyotoka 2017. Kama hujawahi kusoma Homer, anza na hii. Kiingereza chake ni cha leo, sentensi ni fupi, na bado ni ushairi: mdundo wa mapigo matano kila mstari, ule wa tamthilia za Shakespeare. Isitoshe amejibana kutumia idadi ile ile ya mistari iliyomo kwenye Kigiriki, zaidi ya 12,000, kwa hiyo hadithi haichechemei.

Kilichonishika zaidi ni jambo dogo. Katika nyumba ya Odysseus kuna wanawake wengi wanaofanya kazi. Neno la Kigiriki linasema wanamilikiwa, ila wafasiri wengi wa zamani walilipooza kwa maneno ya watumishi wa ndani. Wilson anawaita watumwa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa, kwa sababu sisi tuna neno mjakazi, na pwani yetu inajua lilimaanisha nini kabla halijalegea likawa mfanyakazi wa nyumbani. Ukifika kitabu cha 22, Telemachus, mwana wa Odysseus, anapowanyonga 12 kati yao, neno hilo moja linaamua unamhurumia nani.

Nina nung'uniko moja. Homer ana mstari wa mapambazuko, alfajiri yenye vidole vya waridi, unaorudi asubuhi baada ya asubuhi bila kubadilika. Wilson anaubadilisha kila unaporudi ili usikuchoshe. Sikio lililolelewa na tenzi halioni kasoro katika marudio. Hapo ndipo mghani anapovuta pumzi, na msikilizaji pia.

Kwa Iliad, pesa yangu inakwenda kwa Robert Fagles, 1990. Wilson naye ametoa Iliad yake 2023, nzuri, lakini vita vya Fagles vina kishindo: mikuki inasikika ikigonga ngao. Utangulizi wa Bernard Knox peke yake unastahili nusu ya bei. Angalia kitu kimoja kama wewe ni mwanafunzi: namba za mistari zilizo pambizoni ni za Fagles mwenyewe, si za Kigiriki. Za Kigiriki zimewekwa juu ya ukurasa. Mhadhiri akikutuma mstari wa 466 wa kitabu cha 6, usiutafute pambizoni. Odyssey yake ya 1996 nayo imerekodiwa ikisomwa na mwigizaji Ian McKellen. Kwa wanaokaa saa mbili kwenye foleni ya magari kila siku, rekodi hiyo ni mali.

Tahadhari kwa mnunuzi wa Iliad yoyote: farasi wa mbao, yule ambaye Wagiriki walijificha tumboni mwake ili waingie Troy, hayumo. Hadithi inaanza mwaka wa kumi wa vita na kuishia kwenye mazishi ya Hector, mwana wa Priam aliyeuawa na Achilles, mji wa Troy ukiwa bado umesimama. Habari za farasi zimesimuliwa ndani ya Odyssey. Na orodha ya merikebu katika kitabu cha 2, iruke bila aibu. Utairudia ukishawajua wenye merikebu.

Wa tatu ni Richmond Lattimore, Iliad ya 1951 na Odyssey ya 1965. Anafuata Kigiriki mstari kwa mstari, marudio yote yako mahali pake. Anakwenda kama punda mwenye mzigo: polepole, lakini hadondoshi kitu. Kama unasomea fasihi chuoni, mpandishe awe namba moja. Kama unasoma kitandani baada ya kazi, utalala.

Robert Fitzgerald, ambaye Odyssey yake ni ya 1961, ndiye mwenye Kiingereza kizuri kuliko wote, naye huandika majina kwa kufuata sauti ya Kigiriki, kwa hiyo usiduwae ukikutana na Akhilleus. Stanley Lombardo, 1997 kwa Iliad, ni mfupi, mkali, anayezungumza Kimarekani cha mtaani. Jalada lake lina picha ya askari wakishuka ufukweni Normandy, Ufaransa, mwaka 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia. Ukilipenda jalada, utampenda na yeye.

Alexander Pope, wa karne ya 18, ninamweka chini, ingawa wapenzi wa vina watanisuta: mistari yake inakwenda miwili miwili yenye kina kimoja, safi kabisa. Ila Kiingereza chake kinataka kamusi mezani. Anayejifunza Kigiriki chenyewe atafute mfululizo wa Loeb wenye jalada la kijani, Kigiriki kushoto na Kiingereza kulia. Kila utenzi una juzuu mbili, kwa hiyo jiandae kulipa mara mbili.

Sasa majuto yangu. La kwanza lilikuja kwa njia ya mtandao: jalada la dhahabu, bei ya kutupa, jina la mfasiri halikuonekana popote. Nilipofungua nikakuta majina ya Kirumi, Ulysses badala ya Odysseus, Minerva badala ya mungu wa kike Athena, na maandishi madogo kama ya bima. Ilikuwa tafsiri ya nathari ya Samuel Butler, ya 1900, ambayo haki zake zimekwisha na inapakuliwa bure na yeyote mwenye simu. Butler si mbaya hata kidogo, ubaya ni kumlipia. Nakala isiyotaja mfasiri usiinunue.

La pili nililipata kwenye vitabu vya mtumba vilivyotandazwa kando ya barabara. Huko utakayemkuta mara nyingi ni E. V. Rieu, ambaye Odyssey yake ya 1946 ndiyo iliyoufungua mfululizo wa Penguin Classics. Ni nathari, kwa hiyo wimbo umepotea, lakini kisa kinakwenda vizuri na bei haikuumizi. Nilichukua Iliad yake kwa furaha bila kukagua mgongo wa kitabu. Gundi ilikuwa imekauka, na kurasa mbili za mwisho zilishachomoka zamani. Kwenye nakala yangu Hector hajazikwa mpaka leo.