Miche ya milimau, Ngong Road

Kama unapenda vipepeo, nunua mlimau hapa. Mama mwenye kitalu hapulizi dawa. Aliponiona nakagua majani akanionyesha viwavi wachanga, weusi wenye baka jeupe, utadhani kinyesi cha ndege. Wakikua hugeuka kijani. Ukimgusa mmoja anatoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Kisha hujifunga kwa uzi kwenye kijiti, na ndani ya ganda hugeuka kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano. Nafurahi mno! Mifuko ya miche huchanika upesi, basi.

Naumia tu kwa ndugu wa kipepeo huyu aliyeko Taita, Papilio desmondi teita. Yuko hatarini kwa kuwa msitu wake wa mlimani umekatwa, na mlimau wa Nairobi haumsaidii.